Fainali ya hoki ya kompyuta: timu bora inafungwaje, na namba zipi za kuamini

Ubishi wa vijiwe vya Tabora Mjini kuhusu mechi za kompyuta huwa na pande tatu. Mmoja anasema matokeo yameshapangwa, hakuna cha kuchambua. Wa pili anasema kompyuta haina upendeleo, kwa hiyo timu yenye wachezaji wakali lazima ishinde. Wa tatu keshaweka mkeka wake kwa sababu timu fulani "ina moto". Wote watatu wanakosea, kila mmoja kwa njia yake, na kosa linaonekana vizuri zaidi pale ligi ya hoki ya kuigizwa inapofika fainali: timu iliyoongoza msimu mzima inapigwa mechi nne bila, kipa aliyekuwa ukuta anageuka uchochoro, na kila mtu anatafuta wa kumlaumu.

Kwanza tutenganishe vitu, maana watu wanavichanganya.

Kuna mechi za kwenye televisheni ya duka la kubeti, zile zinazoisha ndani ya dakika chache. Pale hakuna wachezaji kwa maana yoyote ya maana. Kuna mashine ya namba za kubahatisha, na picha zinawekwa juu yake ili macho yapate cha kutazama. Ushindi wa jana hauna uhusiano na mechi ya leo, hivyo "kusoma fomu" ya timu hizo ni kazi bure. Kilicho thabiti ni asilimia ya mwenye duka: ikiwa mechi ni nusu kwa nusu na kila upande unalipwa 1.80, basi kwa kila shilingi 1,000 unayoweka, wastani wa kinachorudi ni shilingi 900. Uchambuzi hauwezi kuziba tundu hilo.

Kuna pia gemu ya pedi, watu wawili wamekaa mbele ya skrini kwenye kibanda. Huko ushindi uko kwenye vidole, macho na mazoea.

Ligi ya kuigizwa ni kitu cha tatu. Watu kadhaa, mara nyingi wa nchi mbalimbali, kila mmoja anakuwa meneja wa timu yake. Anasajili, anabadilishana wachezaji na wenzake, anapanga kikosi na mbinu, kisha anatuma faili lake kwa msimamizi wa ligi. Msimamizi anaziingiza timu zote kwenye programu, anabonyeza, na programu inacheza mechi yenyewe na kutoa ripoti: mabao, mashuti, dakika, adhabu, majeruhi. Kwa hoki, programu mbili zinazojulikana sana ni Franchise Hockey Manager na ile ya STHS. Baadhi ya ligi hutumia wachezaji waliopo kweli waliopewa alama za uwezo. Nyingine hutumia wachezaji wa kubuni ambao kila mwanachama anamkuza wake kwa pointi. Alama hizo kwenye programu moja zinaweza kwenda 1 hadi 20, kwenye nyingine hadi 99. Meneja hagusi kitu mechi ikishaanza. Huku ndiko uchambuzi unakofaa, kwa sababu wachezaji wana uwezo unaodumu kutoka mechi hadi mechi na takwimu zao zinabeba habari fulani. Ngoma iko kwenye kujua ni habari kiasi gani.

Hoki kwa mtu wa soka

Tanzania iliwahi kupeleka timu ya mpira wa magongo kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na India ikaifunga 18-0. Ile ilikuwa hoki ya uwanjani. Ligi nyingi za kuigizwa ni za hoki ya barafuni, na tofauti ni kubwa kiasi cha kuhitaji maelezo machache.

Kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha raba chenye uzito wa karibu gramu 170. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Kikosi cha siku kina watu 20, wawili kati yao makipa, na wachezaji wanabadilishana bila kusimamisha mchezo, kila zamu ikichukua sekunde 45 hivi kwa sababu kuteleza kwa kasi kunachosha vibaya. Ndiyo maana meneja hapangi kumi na mmoja wa kwanza; anapanga safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki, kisha anagawa dakika. Mchezaji anayekosea anatolewa nje dakika mbili, na wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano, bila kuhesabu makipa. Katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, timu iliyo na faida hiyo hufunga takriban mara moja katika kila nafasi tano.

Jambo moja la kushika kabla ya kulinganisha msimu na fainali: katika NHL, mechi ya msimu wa kawaida ikiisha sare huongezwa dakika tano za watatu kwa watatu, kisha mikwaju. Kwenye hatua ya mtoano hakuna hayo. Wanacheza vipindi vizima vya dakika 20, watano kwa watano, hadi bao lipatikane. Ligi za kuigizwa kwa kawaida huiga kanuni hiyo. Timu iliyojikusanyia pointi nyingi kwa mikwaju wakati wa msimu ina jedwali zuri kuliko uwezo wake, na mtoano utaianika.

Ndani ya programu

Kila programu ina fomula zake, lakini mpangilio haupishani sana. Programu inaangalia nani yuko barafuni. Inaamua nani ameshika kisahani. Inaamua kama pasi imefika au imenaswa, kama shuti limepigwa, kama limezuiwa na beki, limetoka nje, au limelenga lango. Mwisho inamleta kipa. Katika kila hatua, alama za wachezaji wanaohusika zinageuzwa kuwa uwezekano, tuseme 9 katika 100 kwamba shuti hili ni bao, halafu inachomolewa namba ya kubahatisha kati ya 1 na 100. Ikiangukia kwenye zile tisa, bao. Isipoangukia, mchezo unaendelea. Hilo linarudiwa mamia ya mara kwa mechi moja.

Kwa hiyo anayedai matokeo yamepangwa amekosea: hakuna mahali palipoandikwa 4-2 kabla ya mechi. Na anayedai mkali lazima ashinde naye amekosea, kwa sababu uwezo unainamisha mizani tu. Kura inabaki kupigwa kila shuti.

Dhana ya kupangwa ina chanzo chake, na si cha kijinga. Namba za kubahatisha za kompyuta huzalishwa kwa hesabu inayoanzia kwenye namba fulani ya mwanzo. Ukirudisha namba ileile ya mwanzo na faili lilelile bila kubadili chochote, mechi inaweza kutoka vilevile, bao kwa bao. Mtu akiona hivyo anahisi ameibiwa. Hatari halisi iko kwingine: msimamizi ambaye naye ana timu kwenye ligi anaweza kurudia mechi kimyakimya hadi apate matokeo anayoyataka. Ligi makini hujikinga kwa kuendesha mechi za fainali moja kwa moja mbele ya wanachama, au kumpa kazi hiyo mtu asiye na timu iliyobaki kwenye mashindano. Ukijiunga na ligi isiyofanya lolote kati ya hayo, takwimu zake zitazame kwa jicho moja.

Mechi saba ni chache

Fainali huchezwa hadi timu moja ifikishe ushindi mara nne, hivyo mechi hazizidi saba. Aliyemaliza juu kwenye msimamo anaanza nyumbani mara mbili, anaenda ugenini mara mbili, kisha wanapokezana. Watu wanaamini idadi hiyo inatosha kumchuja mbovu. Hesabu inasema vingine.

Tuseme timu yako ina uwezekano wa asilimia 55 kushinda kila mechi, faida ambayo kwa hoki si ndogo. Uwezekano wa kuchukua kombe ni kama asilimia 61. Yaani karibu mara nne katika kumi, timu bora inalia. Ikiwa na asilimia 60 kwa mechi, kombe linakuja kwa asilimia 71. Hata kwa 65, bado mara moja katika tano unakosa.

Na ile nne bila inayoonwa kama fedheha? Timu mbili zilizo sawa kabisa zikikutana, mfululizo unaisha kwa mechi nne tu mara moja katika nane. Hauhitaji sababu. Waandishi wa ripoti za fainali huwa wanaitafutia sababu hata hivyo, na kawaida wanaipata kwa kipa.

Hoki ya kweli inafanya hivyohivyo. Tampa Bay ilishinda mechi 62 kati ya 82 msimu wa 2018/19, kisha Columbus ikaitoa raundi ya kwanza 4-0. Boston ya 2022/23 iliweka rekodi ya ushindi 65 na pointi 135, ikaongoza 3-1 dhidi ya Florida raundi ya kwanza, na ikatolewa mechi ya saba. Wapenzi wa soka wa hapa hawahitaji kwenda mbali: Novemba 2024 Tabora United, kama ilivyoitwa msimu ule, iliifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam. Msimu ulipoisha, bingwa alikuwa Yanga. Matokeo yote mawili ni ya kweli, ila la kwanza lilitoka kwenye mechi moja na la pili kwenye mechi 30.

Mfugaji nyuki wa Sikonge anaijua kanuni hii bila kuandika hesabu. Hatamhukumu fundi wa mizinga kwa mzinga mmoja ambao nyuki hawakuingia. Atautundika pamoja na mingine arobaini, asubiri msimu upite, ndipo aseme mizinga ya fulani inashika. Mechi saba za hoki ni mizinga saba.

Kipa, mtu anayesingiziwa kuliko wote

Hapa ndipo uchambuzi mwingi unapozama, kwa hiyo twende taratibu.

Kipimo cha kipa ni asilimia ya kuokoa: kati ya mashuti yaliyolenga lango, mangapi ameyazuia. Kipa wa kawaida wa NHL huzunguka 0.900 hadi 0.910. Kipa wa 0.920 kwa msimu mzima ni mzuri sana. Ukitazama, pengo kati ya wa kawaida na mzuri sana ni shuti moja au mawili katika mia.

Sasa mpeleke fainali. Timu pinzani inapiga mashuti 30 kwa mechi, mechi saba, jumla 210. Kipa ambaye uwezo wake halisi ni 0.910 anatarajiwa kufungwa mabao 19. Lakini kwa kura peke yake, bila uwezo wake kubadilika hata chembe, idadi hiyo hucheza mabao manne juu au chini bila shida yoyote. Akifungwa 15, asilimia yake inasoma 0.929 na anabebwa mabegani. Akifungwa 23, inasoma 0.890 na wanachama wanataka auzwe kabla jua halijazama. Ni kipa yuleyule, mwenye alama zilezile kwenye faili.

Linganisha na faida ya kumbadilisha. Kipa wa 0.920 badala ya wa 0.900, kwa mashuti 210, anakuokolea mabao manne. Tofauti kati ya kipa hodari na kipa wa hivihivi, ndani ya fainali moja, ni sawa na ukubwa wa bahati. Ndiyo maana kumhukumu kipa kwa mechi saba ni kubashiri, na kumtoa baada ya mechi mbili mbaya ni hasira tu. Tazama alama zake kwenye faili na takwimu zake za msimu mzima, ambako amekabili mashuti zaidi ya elfu. Mtoe ikiwa amechoka (programu nyingi humshusha kipa anayecheza siku mbili mfululizo), ikiwa ana jeraha, au ikiwa msaidizi ana alama bora na ulikuwa hujaliona hilo. Sababu ya nne sijaiona ikisimama.

Kuisoma timu

Anza na watano kwa watano, kwa sababu huko ndiko dakika nyingi za mechi ziliko. Ondoa mabao ya faida ya mtu mmoja, uyaweke kando kwenye hesabu yake. Ondoa pia mabao ya lango tupu. Timu iliyo nyuma dakika za mwisho hutoa kipa iingize mshambuliaji wa sita, na mpinzani akinasa kisahani anakisukuma golini bila kipingamizi. Mechi ya 2-1 inageuka 4-1 ndani ya dakika moja, na msomaji wa matokeo anadhani palikuwa na kipigo.

Kinachobaki, hesabu mambo mawili. La kwanza ni mgao wa mashuti: kati ya mashuti yote ya pande mbili, yako ni asilimia ngapi? Ripoti ikionyesha hata mashuti yaliyozuiwa na yaliyotoka nje, yajumlishe, kwa sababu idadi ikiongezeka nguvu ya bahati inapungua. Kipimo hicho kipana kwenye hoki kinaitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi aliyekuwa kocha wa makipa wa Buffalo. La pili ni jumla ya asilimia za aina mbili, ile ya mashuti yenu yaliyogeuka mabao na ile ya kipa wenu kuokoa. Kwa ligi nzima jumla hiyo lazima iwe 100, kwa kuwa bao la mmoja ni kufungwa kwa mwingine. Timu iliyo juu sana ya 100 kwa mechi chache, mara nyingi inakula bahati. Kikosi chenye wafungaji hatari na kipa bora kinaweza kukaa juu kidogo msimu mzima. Kukaa 107 hakuna anayeweza.

Chukua mfano. Baada ya mechi nne, Timu A inaongoza 3-1 dhidi ya Timu B. Watano kwa watano imepiga mashuti 112, imepigiwa 138. Imefunga 13, imefungwa 6. Mgao wake wa mashuti ni chini ya asilimia 45. Asilimia yake ya kufunga ni 11.6 na kipa wake anaokoa 95.7, jumla 107.3. Asilimia hizo zikirudi kwenye kawaida, tisa ya kufunga kwa kila upande, A ingekuwa imefunga 10 na kufungwa 12. Uwanjani B ndiyo bora.

Je, utabiri uwe B itachukua kombe? Hapana! Hili ndilo wachambuzi wachanga wanaloteleza. A inahitaji ushindi mmoja tu kati ya mechi tatu. Hata tukiipa B asilimia 55 kila mechi, uwezekano wa kushinda zote tatu mfululizo ni kama asilimia 17. A itatwaa kombe mara tano katika sita, huku ikiwa timu dhaifu zaidi. "Nani bora" na "nani atashinda" ni maswali mawili, na mtu mmoja anaweza kuyajibu kwa majina tofauti bila kujipinga.

Tahadhari moja. Katika hoki ya kweli, timu inayoongoza hurudi nyuma na kuachia mashuti, hivyo mgao wake unashuka bila kuwa dhaifu. Kama programu yenu inaruhusu mbinu kubadilika kulingana na matokeo, hali hiyo itatokea. Kama hairuhusu, mashuti yanasomeka moja kwa moja. Angalia mipangilio ya mbinu kabla ya kutoa hukumu.

Kuhusu "moto", jibu ni fupi kuliko ubishi wake. Katika programu kuna morali ikiwa tu mwandishi wake aliiweka. STHS ina alama ya morali kwa kila mchezaji, na inapanda na kushuka. Mahali ambapo alama kama hiyo haipo, mechi ya tano haijui kilichotokea mechi ya nne, na timu haiwezi kuwa na moto zaidi ya jiwe.

Kumsoma mchezaji

Mshambuliaji mmoja ana mabao 5 kwa mashuti 11. Mwingine ana bao 1 kwa mashuti 26. Kijiwe kizima kinataka wa pili akae benchi. Lakini wa kwanza anafunga kwa asilimia 45 katika mchezo ambao wastani ni kama 10, kwa hiyo hakuna njia ya kuendelea hivyo. Wa pili, kama wakati wa msimu alikuwa akifunga asilimia 11, alitarajiwa kuwa na mabao karibu matatu. Kupata moja au sifuri kwa mashuti 26 humtokea mchezaji wa namna hiyo mara moja katika tano. Mashuti 26 yenyewe ndiyo habari: anafika mahali, anapiga, programu inampa nafasi. Huyo unamwacha hapohapo.

Angalia mabao yametoka hali gani. Matatu kati ya matano yakiwa ya faida ya mtu mmoja, yule wa kwanza amepewa kiti kizuri, na mwingine yeyote mwenye shuti zuri angefaidi kiti hicho. Gawanya pia kwa dakika. Mwenye mabao na pasi za mabao 3 kwa dakika 42 ana kasi ya 4.3 kwa kila dakika 60. Mwenye 4 kwa dakika 80 ana 3.0. Jedwali la wafungaji linamweka wa pili juu.

Takwimu ya kujumlisha na kutoa, ile inayompa mchezaji moja juu timu yake ikifunga akiwa barafuni na moja chini ikifungwa, ni ya kuitazama mwisho kabisa. Haihesabu mabao ya timu iliyo na faida ya mtu mmoja, lakini inahesabu ya lango tupu. Beki mzuri anayetumwa kulinda dakika ya mwisho, kipa wake akiwa nje, anaweza kupata hasi mbili kwa sekunde 40. Isitoshe anabeba makosa ya kipa na ya wenzake wanne. Ushindi wa kugombea kisahani cha kuanzishia nao unasifiwa kupita kiasi: mwenye asilimia 55 kwenye migombeo 20 ameshinda 11 badala ya 10.

Kinachostahili kukukosesha usingizi ni kile ambacho si bahati. Winga aliyepangwa kati ilhali alama zake za nafasi hiyo ni ndogo. Safu ya kwanza iliyopewa dakika nyingi hadi uchovu unaila kipindi cha tatu: linganisha mashuti yake ya kipindi cha kwanza na cha tatu kwa mechi zote, na kama yanaporomoka, ipunguzie zamu. Mchezaji anayepata adhabu mara kwa mara akiwa safu ya nne. Dakika zake ni chache lakini anawapa wapinzani dakika mbili za wengi dhidi ya wachache, na hizo ni mabao.

Tuzo ya mchezaji bora wa fainali si lazima iende kwa bingwa. Katika NHL, ambako tuzo hiyo huangalia hatua nzima ya mtoano, Jean-Sébastien Giguère, kipa wa Anaheim, alipewa mwaka 2003 baada ya timu yake kupoteza mechi ya saba, na Connor McDavid wa Edmonton akapewa mwaka 2024 kwa hali hiyohiyo. Wapiga kura wa ligi za kuigizwa wangefanya vizuri kukumbuka hilo kabla ya kumchagua mfungaji wa timu iliyoshinda kwa mazoea tu.

Kujaribu badala ya kubishana

Ligi ya kuigizwa ina kitu ambacho soka halina: unaweza kuicheza fainali upya. Kama una programu ileile kwenye kompyuta na ligi inaruhusu kupakua faili, tengeneza nakala, usiguse la asili, kisha endesha mfululizo huohuo mara nyingi na kuhesabu nani ameshinda mara ngapi. Mara 100 zinakupa jibu lenye kosa la hadi asilimia 10 kila upande, yaani 55 inaweza kuwa 45 au 65. Mara 1,000 kosa linashuka hadi kama 3. Kwa swali la "nani bora", elfu inatosha. Kwa swali la "nimbadilishe winga wa safu ya tatu?", haitoshi, maana mabadiliko ya namna hiyo huenda yanaongeza uwezekano wa ushindi kwa asilimia moja au mbili tu, hapo unahitaji maelfu mengi kwa kila kikosi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha safu na mbinu na kipa kwa pamoja, hutajua kipi kilichosaidia.

Fainali nyingi hazipotei kwa yote hayo. Zinapotea kwenye faili la kikosi. Majeruhi ameachwa safu ya kwanza, programu ikamtoa na kujipangia yenyewe. Kipa msaidizi aliyepewa mechi ya mwisho ya msimu ili mkubwa apumzike bado yuko langoni mechi ya kwanza ya fainali, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Mchezaji yuleyule ameandikwa kwenye vikosi vyote viwili vya faida ya mtu mmoja, anacheza dakika mbili nzima bila kupumua. Faili limetumwa, lakini ni la juzi.

Halafu kuna saa. Ligi nyingi za hoki hufuata saa za mashariki mwa Amerika Kaskazini. Mwisho wa kutuma vikosi ukiwa saa 2 usiku ya New York, Tabora ni saa 9 usiku, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi mingine ni saa 10 alfajiri. Ukingoja uone majeruhi wa mechi ya jana ndipo utume, utakuwa macho saa hizo na bando lako, ukiomba umeme usikatike. Tuma kikosi kamili jioni kabla ya kulala, chenye mbadala wa kila nafasi, kisha ukiamka kabla ya muda kufungwa unarekebisha. Ukipitiwa na usingizi, kilichoko kwa msimamizi bado ni chako.